Fundo la Fisi

Mama mkwe wangu alikuwa akimwonea fisi huruma. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani namsifu kwa sababu alikuwa wangu. Mimi fisi namchukia mpaka leo. Lakini yeye alikuwa akisema fisi hakujiumba, na njaa ni njaa.

Nilizaliwa Isiolo mjini, katika ukoo wa wale askari waliotoka mbali wakibeba bunduki za Mzungu, wakastaafu, wakabaki na malori. Baba yangu alipeleka sukari na unga Merti na kurudi na mbuzi. Nilisoma chuo cha Kurani, nikasoma na shule kidogo, nikajiona mjuaji. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nikaolewa na Mborana wa Kulamawe, kijana mpole aliyekuwa amerudi kutoka masomo ya dini ng'ambo akiwa na sanduku la vitabu lililokuwa zito kuliko mahari yangu. Watu walimwita Maalim tangu siku aliyoshuka kwenye lori, na hata mimi nilimwita hivyo hivyo, nikiwa na furaha au nikiwa na hasira. Sauti ndiyo iliyotofautisha.

Nyumba ya mama yake ilikuwa hatua chache kutoka yetu, nyuma ya zizi la ndama. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Kazi yake ilikuwa kusokota kamba. Wanawake wa kwetu huchuna maganda ya miti, huyatafuna mpaka yalainike, kisha huyasokota pajani. Ukimkuta shavu limevimba ulijua anatafuna ganda, na ukimsalimu alikupungia mkono tu mpaka amalize.

Na alikuwa akimfunga fisi. Hilo kila mtu Kulamawe alilijua. Mnyama asiporudi jioni, mwenyewe alimletea kamba ya mnyama yule kabla magharibi haijaingia. Mama mkwe aliishika, akasoma aya ya kinga, ile ile niliyofundishwa mimi chuoni mjini, akapuliza, akafunga fundo moja, akaining'iniza kamba mlangoni pa zizi. Basi, fisi amefungwa kinywa. Asubuhi, mnyama apatikane asipatikane, lazima fundo lifunguliwe, tena kwa mkono. Kulikata kwa kisu ilikuwa mwiko. Fundo lililokatwa halijafunguliwa, alisema, na fisi atabaki kinywa kimefungwa mpaka afe kwa njaa, na dhambi ya njaa hiyo ni ya aliyefunga.

Mwaka wangu wa kwanza pale nilimuuliza, "Mama, si afe tu? Kwani hasara gani?"

Aliniangalia kana kwamba nimesema nitamwaga maji ya kunywa. "Na watoto wake utawaambia nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hata hivyo alinifundisha, na mimi nikajifunza, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha, jinsi mkwe mpya anavyojifunza kila kitu cha nyumba asiyoijua.

Maalim alikuwa na darasa lake kila Ijumaa baada ya alasiri, katika msikiti wetu wa mabati. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake nyuma ya shuka lililotundikwa. Alikuwa akisoma kitabu cha sheria za kale mlango kwa mlango. Alisoma Kiarabu, akafasiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wenye maduka, kisha kwa Kiborana kwa ajili ya wafugaji. Tulishapita mlango wa mwizi kukatwa mkono. Tulishapita mlango wa wazinzi. Hakuna aliyetikisika. Mwizi tuliyemjua sisi alikuwa mmoja, alikuwa akiiba chumvi, na hakuna aliyewahi kufikiria mkono wake. Wale wa kitabuni walikuwa watu wa kitabuni.

Ijumaa moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukafika mlango wa sihiri. Alisoma kwamba mchawi, mume au mke, adhabu yake ni upanga. Akaeleza sihiri ni nini: miongoni mwake ni kufunga mafundo na kuyapulizia, ili kufunga kiumbe asifanye alilotaka kufanya. Akaikumbusha ile sura fupi ambayo kila mtoto wa chuo anaijua, ya kujikinga na wanaopulizia mafundo. Alifasiri taratibu na vizuri, kwa Kiswahili kisha kwa Kiborana, kwa sauti ya mtu anayesimulia nchi ya mbali.

Mimi nilielewa papo hapo. Nikageuka kumtazama mama mkwe aliyekaa ubavuni mwangu. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Alitikisa kichwa kila mwanawe alipozungumza, hata akiwa hakuelewa, na siku ile alikubali upanga wake mwenyewe huku akitabasamu.

Labda ingepita. Wallahi naamini ingepita, maana kuna watu wengi husikiliza darasa huku wakiwaza mbuzi. Lakini upande wa wanaume akasimama jirani yetu, mfugaji ambaye kiangazi kile fisi walimlia ngamia wake mchanga. Hakuwa mtu mbaya. Nilimfahamu vizuri, na nakiri kwamba hata sauti yake haikuwa ya fitina.

"Maalim, mimi nauliza tu, usikasirike. Hiyo fundo ya kupuliza, si ndio mama yako anafungaga? Mimi mwenyewe nilimpelekea kamba ya ngamia yangu. Alisoma, alipuliza, alifunga. Na fisi ikakula. Sasa hiyo upanga ni ya nani?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Katika Kulamawe niliyoijua mimi, swali kama lile lingezua kicheko mpaka mabati yatikisike. Kupitia upenyo wa shuka nilimwona Maalim amekodoa macho. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyeamshwa usingizini. Akafunga kitabu, akasema tutaendelea wiki ijayo.

Nyumbani nilimngoja mlangoni, hata viatu sikumwacha avue.

"Uliposoma fundo ulikuwa unamwona nani?"

"Wachawi."

"Wachawi wako wapi?"

"Huko," akasema, akanyoosha mkono upande ambao haukuwa na kitu. "Zamani. Sijui. Sikumfikiria Mama hata kidogo."

Nilimwamini, na huko kumwamini kukanishtua zaidi. Mtu huyu alitumwa kupeleka kamba zile tangu utotoni, akipita nyumba kwa nyumba. Alizaliwa akalikuta fundo, na kwa hiyo hakuliona. Alivuka bahari akasoma habari ya fundo, akarudi akatuhubiria fundo, na kamba inaning'inia mlangoni pa zizi lake mwenyewe.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," nikamwambia, "kwa binadamu mchungu."

"Usinitajie nguruwe nyumbani," akasema. Hata saa ile.

Siku zilizofuata hakula vizuri. Alitoa vitabu vyote sandukuni, akavitandaza juu ya mkeka, akawa anasoma huku akijikuna shingo. Nilimpelekea chai ikapoa. Kisha asubuhi moja akaja jikoni, uso umemng'aa, akachutama karibu na moto.

"Nimepata mlango," akasema. "Wako wanazuoni waliosema mchawi haruki moja kwa moja kwenye upanga. Anaulizwa kwanza. Akitubu mbele ya watu, anaachwa, haguswi. Na tena kazi ya upanga ni ya kadhi mwenye dola, si ya mtu wa kawaida. Mama atatubu, mambo yataisha."

"Mlango wa kutokea wapi?" nikamuuliza. "Kwani yuko ndani?"

Akasogeza kuni motoni.

"Maalim, kusoma aya ni sihiri?"

"Si sihiri. Mchawi wa kitabuni ni yule anayeabudu jini na kudhuru watu. Mama anasoma maneno ya Mungu ili mbuzi wa maskini asiliwe. Labda lile fundo ningemshauri aliache, lakini mchawi siye. Najua."

"Unajua?"

"Najua."

"Basi si useme hivyo hivyo! Ijumaa simama useme."

Akainamisha kichwa. "Nikisema hivyo, watasema sheria ya Maalim ina makali kwa watoto wa watu, kwa mama yake ni butu. Hakuna atakayenisikiliza tena. Lakini akitubu, kila mtu ataona sheria ni moja."

Nilibaki na mwiko mkononi, ugali unaungua. Nimeshtuka mara nyingi katika maisha yangu. Nimeona magari yakianguka, nimeona mvua ikisomba nyumba yenye watu. Lakini bado sijapata mshtuko kama ule wa jikoni. Kama angekuwa mjinga ningemsamehe papo hapo. Alijua ukweli wote, akauweka chini taratibu kando ya jiwe la moto, akaondoka.

Mama mkwe alikubali haraka kuliko nilivyotaka. Nilimwendea nikamsihi akatae. Alikuwa anatafuna ganda. Alilitema kiganjani ili anijibu, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote.

"Ni maneno tu," akaniambia. "Mwanangu akisimama mbele ya watu, aonekane mtu. Mimi nimeshazeeka, maneno yatanifanya nini?"

Ijumaa ikafika. Baada ya swala wanaume hawakutawanyika. Mama mkwe alisimama mlangoni pa msikiti, nje kidogo ya kizingiti, amejitanda shuka lake safi. Mwanawe alisimama mbele yake akawa anamtamkisha toba, naye anafuata nyuma yake. Natubu kwa Mwenyezi Mungu. Akasema. Kutokana na sihiri. Akasema. Niliyoifanya.

Hapo hakufuata. Akamtazama mwanawe usoni, akamuuliza kwa Kiborana, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niliyoifanya ipi?"

Watu wote walisikia. Niliomba Mungu ardhi impasukie Maalim, kisha nikaomba asinisikie, maana nilikuwa na watoto wake.

"Sema tu, Mama," akasema Maalim.

Akasema.

Ndivyo mambo yalivyoisha. Nyumbani Maalim alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nimemwokoa," aliniambia. Na kwa hesabu ya kitabu ni kweli alimwokoa, kwa sababu hakuna aliyetaja upanga tena. Lakini kabla ya Ijumaa ile mama mkwe alikuwa mzee anayefunga fisi. Baada ya Ijumaa ile alikuwa mchawi aliyetubu. Kwa kinywa chake, mbele ya watu wote, mlangoni pa nyumba ya Mungu.

Wale wanawake waliokuwa wakija kwake asubuhi kutafuna buni za kahawa zilizokaangwa kwa samli walianza kupata kazi za ghafla. Mmoja ana mgonjwa, mwingine ana nguo za kufua. Kamba zake ziliacha kununuliwa. Watu walifunga ngamia kwa nailoni ya dukani inayokatika. Watoto walipofika karibu na nyumba yake walikimbia. Sitasahau mwanamke mmoja, jirani, aliyefiwa na mtoto wa kunyonya miaka mingi nyuma. Alikuja mchana, jua la utosi, akasimama nje bila kutoa salaam.

"Mtoto yangu ulimfunga wewe?"

Mama mkwe alitoka akiwa ameinama kwa ajili ya mlango mfupi. "Mtoto wako nilimwosha mimi," akasema. "Tulimwosha pamoja, umesahau? Ulikuwa huwezi kusimama."

"Sasa kama si hiyo, ulitubu nini?"

Mama mkwe alitazama upande wa nyumba yetu. Jibu la swali hilo hata sisi hatukumpa. Mimi ndiye niliyetoka na mwiko na kumfukuza yule mwanamke, nikimtolea maneno ambayo binti wa Isiolo mjini hujifunza kwa matandiboi wa malori ya baba yake. Alikimbia huku analia, na leo namwonea huruma hata yeye. Nilipomhadithia Maalim, alisema watu watazoea. Nikamuuliza watazoea nini. Akaenda kutawadha.

Kiangazi kiliendelea. Majani yaliisha karibu, na wanyama wakawa wanapelekwa mbali zaidi kila wiki. Binti yetu wa kwanza ndiye aliyechunga ndama. Jioni moja ndama hawakurudi, na yeye hakurudi nao. Tulianza kwa kumlaumu, mtoto mzembe, kisha jua likagusa miti na lawama ikatukauka mdomoni. Wanaume walichukua tochi na mikuki, wakagawana njia za kuelekea luga, ule mto mkavu ambao fisi walilala kwenye kingo zake. Maalim alikuwa amefunga mshipi tayari kwenda nao. Lakini aligeuka, akaenda mpaka nyumba ya mama yake, na mimi nikamfuata mbio.

Mama mkwe alikuwa amesimama nje, mikono imemning'inia. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Yule mtoto alikuwa akilala kwake tangu aachishwe ziwa.

Maalim aligeuza macho mlangoni pa zizi. Alisimama tu mbele yake, na nilielewa, na mama mkwe akaelewa. Kijana aliyevuka bahari kwa ajili ya elimu alikuwa anangoja mama yake asome machoni mwake kwamba anaomba fundo.

"Siwezi," akasema mama mkwe. "Wewe ndiye uliyefasiri. Aliyetubu akarudia hana toba tena."

"Mama."

"Niliapa mbele ya watu wako. Unataka niape kisha nivunje? Wakiniua, watasema wewe ulijua."

Akaingia ndani akavuta mlango. Tulimsikia ndani akilia kwa sauti sasa, na akimtaja mtoto.

Hasira iliyonipanda nilidhani itanipasua. Nikamgeukia mume wangu. "Niletee kamba ya ndama."

"Unataka kufanya nini?"

"Wewe unajua. Lete kamba."

Alienda. Hilo nataka liandikwe kama lilivyokuwa: alienda kwenye zizi, akafungua kamba kwenye mti, akaniletea kwa mikono yake miwili. Nikaishika. Hata aya ya kinga, niliyoisoma tangu nikiwa mdogo, ilinipotea katikati. Ni yeye aliyenikumbusha neno lililofuata. Nikasoma mpaka mwisho, nikapuliza, nikafunga fundo, nikaining'iniza kamba mlangoni pa zizi. Kisha Maalim akakimbia kuwafuata wenzake, na mimi nikakaa chini ya ile kamba mpaka kukakucha.

Walimkuta asubuhi. Alikuwa juu ya mgunga kando ya luga, amejifunga tawini kwa shuka lake, ndama wote, isipokuwa mmoja aliyepotea, wakiwa wamelala chini. Nyayo za fisi zilizunguka mti ule, walisema wanaume, mpaka mchanga ukalainika. Siwezi kusema ni fundo, na siwezi kusema si fundo. Mti ulikuwa mti, mtoto alikuwa na akili, na Mungu alikuwepo. Nilichojua ni kwamba nimemshika mwanangu, ananuka mavi ya ndama, na sitaki kumwachia.

Mama mkwe alitoka. Alimpapasa mtoto kichwa, mabega, miguu, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mwingine aliyekikumbuka asubuhi ile.

"Fundo limefunguliwa?"

Nilikuwa nimesahau. Tukatazama mlangoni pa zizi. Maalim alikuwa amesimama pale na kamba mkononi, anahangaika nayo. Nililifunga kwa woga, na lilikuwa limekaza. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu.

"Usikate!" Mama mkwe alimfikia kabla sijajua ameondoka, akampiga kofi la mkononi mpaka kisu kikaanguka. "Fungua. Ana watoto yule."

Maalim akakaa chini mavumbini na kanzu yake nyeupe. Alifungua fundo lile kwa kucha, kisha kwa meno, muda mrefu, sisi wanawake wawili tumesimama juu yake. Lilipofunguka aliinamisha uso kwenye kamba akakaa hivyo. Nilidhani sasa yamekwisha. Nilidhani Ijumaa atasimama awaambie watu wote alichoniambia jikoni, na aongeze kwamba kamba aliileta yeye.

Ijumaa ikafika. Nilikaa nyuma ya shuka nimejiandaa. Maalim akafungua darasa. Alizungumza juu ya zaka ya ngamia.

Sikuamini masikio yangu. Nilingoja Ijumaa iliyofuata, na nyingine. Alizungumza juu ya mirathi, juu ya mwezi kuandama, juu ya adabu ya kuingia nyumba za watu. Kile kitabu hakukisoma tena. Alikifunga kwa kitambaa akakiweka chini kabisa ya sanduku, na nadhani kwake hilo lilikuwa ndilo jibu. Nyumbani alizidi kuwa mpole. Alimchotea mama yake maji mwenyewe, jambo ambalo wanaume walimcheka. Lakini lile neno alilomtamkisha mama yake mlangoni pa msikiti, hakwenda mlangoni pa msikiti kulifuta. Nilimgombeza mpaka nikachoka, nikaja nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya zaidi.

Mama mkwe hakumlaumu hata siku moja. Hakufunga tena fundo la fisi, ingawa wapo waliokuja kimyakimya jioni, akiwemo yule jirani wa ngamia. Aliwarudisha kwa upole. Aliendelea kukaanga buni kila asubuhi, akaweka bakuli nje penye kivuli, akangoja wageni. Nilikwenda mimi, na watoto. Tulizitafuna mpaka tukakosa usingizi.

Alifariki mwishoni mwa miaka ya themanini, mvua ilipokuwa imerudi. Wanawake walikuja kumwosha. Mauti huleta hata wasiosalimiana. Tukamlaza, tukatundika shuka. Yule mwanamke niliyemfukuza kwa mwiko alikuwepo, na wengine. Mmoja wao alipoinua shuka la marehemu alilitupa chini akarudi nyuma mpaka ukutani. Kwenye pindo kulikuwa na fundo.

"Salaalee! Si alitubu huyu?" akasema. "Aliacha kweli?"

Wote wakaondoa mikono mwilini mwake. Maji yalikuwa yamekwisha kupashwa moto. Alikuwa amelala pale, ile mikono yake mikubwa kando, na hakuna aliyemgusa.

Nikaenda mlangoni. Maalim alikuwa nje amekaa na wanaume, msahafu mapajani. Nikamwita kwa sauti iliyofika kwa kila mmoja wao.

"Maalim! Wanawake wanauliza kama mama yako aliacha uchawi kabla hajafa. Mimi sina elimu. Wajibu wewe."

Wanaume wote wakamgeukia. Akasimama. Uso ulikuwa wa mtoto aliyepotea. Akaja mpaka kwenye shuka la mlangoni, hakulivuka, akasema kwa Kiborana na kisha, kwa mazoea yake, akarudia kwa Kiswahili:

"Mwosheni. Hakuwa na kitu cha kuacha."

Nikarudi ndani. Nikaokota lile shuka, nikakaa nalo mapajani, nikafungua fundo kwa vidole. Ndani mlikuwa na konzi ya buni, zimechambuliwa tayari, safi. Ndivyo alivyokuwa akitoka nazo nyumbani, zimefungwa kwenye pindo, endapo atakutana na mtu njiani atakayekubali kukaribishwa.

Tukamwosha. Wanaume walipokwisha kumchukua na kwenda kumzika, nikawasha moto nyumbani kwake, nikaweka samli, nikazikaanga buni zile mpaka zikapasuka. Nikazitia katika bakuli lake, nikawapelekea wanawake wale pale walipokaa, mmoja mmoja, nikasimama mbele ya kila mmoja mpaka akatia mdomoni na kutafuna. Hakuna aliyekataa.